Kwetu Mtoto Haombi Maziwa

Resiato wangu, mzaliwa wangu wa kwanza na wa mwisho,

Nakuandikia badala ya kuongea kwa sababu nikiongea utasema, "Yeyo, wacha kwanza nimalize kufunga hii begi." Barua haiambiwi wacha. Utaisoma ukiwa Kitengela, umeketi, chai iko karibu, na mimi sipo hapo wa kukatizwa. Hiyo ni akili, na ujue mahali ulitoa yako.

Sitakuandikia habari ya kufunga gesi, wala ya kuchemsha maji, wala ya kuanua nguo za mtoto kabla giza halijaingia. Hayo unajua, na yale hujui mama mkwe wako atakwambia bila kuulizwa. Nataka kukuandikia juu ya jana.

Jana tukikamua uliniambia, bila kunitazama, "Yeyo, tukishaenda, usije kwanza. Mpaka nikupigie simu." Nami nikakujibu, "Nani amekwambia nataka kuja Kitengela? Nifuate nini huko, vumbi?" Nikaendelea kukamua, na ng'ombe akanipiga teke kwa sababu nilikuwa namvuta kama kamba ya kisima. Nilikudanganya, Resiato, na hata ng'ombe alijua.

Najua kwa nini mnaenda. Naisula wako ameanza therapi kwa mwalimu wa kituo cha Kitengela, na mtoto wa miaka minne hawezi kuwa anatolewa Bisil na kurudishwa Bisil kila mara, akifika kituoni amechoka kabla hajaanza. Baba yake, ambaye anaendesha lori ya mawe huko, amepata nyumba ambayo mtu anaweza kutembea kwa miguu mpaka kwa mwalimu. Hayo yote nimekubali. Hata blanketi nimewapa lile zuri. Kitu sijakubali ni hilo neno moja, "usije." Ndiyo maana nimekaa hapa jikoni nyinyi mkiwa mmelala, nikijiuliza kama una haki ya kuniambia hivyo. Jibu nitakupa, lakini wacha nianze mbali kidogo. Unajua mimi siwezi kusimulia kitu kutoka katikati.

Naisula alipozaliwa nilitangazia soko lote la Bisil. Si unajua vile mimi huuza ng'ombe: kwanza namsifu mama yake, halafu yeye. Kwa hivyo nilianza na wewe. Nikawaambia wale wanaume wenye fimbo, "Resiato wangu aliongea kabla ya kutembea, na huyu wake ataongea kabla ya kukaa." Wakacheka. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kusimama katika hilo soko na fahali wangu mwenyewe, wamezoea kunisikiliza hata nikiongeza chumvi.

Basi akakaa. Akatambaa. Akatembea, tena kwa ncha za vidole kama mtu anayenyemelea kuku. Kuongea, hakuongea. Nikasema amefuata babu yake, marehemu, ambaye kwa siku alikuwa anasema maneno matatu, na mawili ni ya ng'ombe. Akiitwa hageuki, nikasema ana maringo, ameyatoa kwangu. Akikataa kuguswa, nikasema ni joto. Kila kitu nilikuwa na jibu lake. Mtu akianza kuuliza, nimeshajibu kabla hajafunga mdomo.

Tena nikapata sifa mpya. Kanisani nilikuwa nawaambia wanawake, "Mimi na huyu mtoto hatuhitaji maneno." Na ilikuwa kweli! Akinishika kifundo cha mkono na kunivuta mlangoni, najua anataka kwenda kusikiliza maji yakiingia kwa tanki. Akitikisa vidole mbele ya macho, amefurahi. Akilala kifudifudi kwenye simiti, kuna kelele imemkera. Maziwa nilikuwa namjazia kabla kiu haijamfikia. Ulikuwa unakuja na kikombe unakuta kingine tayari kiko hapo.

Haya, hapo kwa maziwa nataka unielewe. Hujawahi kuniona nikimwuliza mtu aliyeingia kwangu kama atakunywa chai. Namwekea. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa kiboko: katika boma lenye ng'ombe, mtoto akiomba maziwa ni kama anatangazia majirani kwamba mama yake amekufa, ama ni mchoyo. Kwetu mtoto haombi maziwa. Anapewa. Hata wewe hukuniomba, hata ule mwaka wa ukame tukiwa tumebaki na ng'ombe mmoja, kiwele chake kama soksi tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu kubwa, na ndiyo ilituharibia kazi.

Unakumbuka ile siku ya hospitali Kajiado. Daktari alimtazama Naisula kwa muda mrefu, akacheza naye, akakuuliza maswali mengi, halafu akasema polepole kwamba ni usonji, ile wengine wanaita otizimu. Akasema si laana na si kosa la mtu. Ni vile mtoto ameumbwa, na anaweza kufundishwa mengi, hasa tukianza mapema. Mimi nikasimama. Nikamwambia, "Daktari, wewe umemwona asubuhi moja. Mimi nimemlea." Nikamweleza pia habari ya fahali wangu, sijui kwa nini. Ukanivuta shuka, ukanikalisha, ukamwuliza, "Tunaanzia wapi?" Basi. Hukulia, hukubishana. Nimepatana bei na wanaume wa kutoka Namanga mpaka Emali na sijasikia mtu akiuliza swali zuri namna hiyo. Tukirudi nilijifanya nimenuna, lakini moyoni nilikuwa nasema, huyo ndiye nilizaa.

Lakini majirani niliwaambia ni masikio. Nilisema tumempeleka Kajiado kusafishwa masikio. Mama Lemayian hapo jirani, na roho yake nzuri, akaleta mafuta ya kondoo ya kumtia kwa masikio. Nikapokea, nikashukuru, nikayakaangia viazi. Ulikula, na ukasifu.

Halafu siku ya kwanza Kitengela. Nilikuwa nimevaa shanga zote, nikitarajia kukuta mtu mzima mwenye miwani. Tukakuta msichana, huyo mwalimu Kerubo, amevua viatu, ameketi chini kwa mkeka. Naisula akapanga vifuniko vya soda kwa mstari, mwalimu naye akapanga vyake. Naisula akavisukuma, mwalimu akasukuma. Nikakunong'oneza, "Huyu ndiye tulitoka Bisil kumwona? Hata mimi najua kucheza." Ukanikanyaga mguu.

Mwishowe akatuuliza, "Naisula akitaka kitu, anaombaje?"

Nikajiweka vizuri kwa kiti. "Haombi," nikamwambia. "Kwetu mtoto haombi."

"Sasa nani anajua anachotaka?"

"Mimi."

"Na Koko, nyanya yake, akiwa hayupo?"

"Niko kila siku."

Akatabasamu, akaandika kitu. Nilidhani ananisifu.

Akatupa kazi ya kufanya nyumbani. Chakula mtoto asinyimwe, hilo alirudia sana: ale, ashibe kama kawaida. Ila yale maziwa ya saa kumi, ya kufurahia tu, tumtilie kidogo kwa kikombe. Akimaliza tusiongeze mara moja. Tukae naye, tumtazame, tungoje. Akinyoosha kikombe, ama akitutazama tu, hapo hapo tumwongezee, tuseme "maziwa," tufurahi naye. Akianza kuudhika, tumshike mkono taratibu, tumsaidie kunyoosha, tumpe. Hakuna kumliza. Wewe ulisikia yote hayo. Mimi nilisikia kitu kimoja: kwamba katika nyumba yangu, na ng'ombe wangu wakiwa hapo nje, mjukuu wangu atafundishwa kuwa mwombaji.

Sasa utacheka, lakini wakati ule hukucheka. Kila siku kabla ya saa kumi nilikuwa namwita nyuma ya jikoni namjaza maziwa mpaka tumbo linakaza kama ngoma. Halafu wewe unakuja na kikombe chako kidogo, unaketi chini, unangoja. Naye anakutazama vile mtu aliyeshiba hutazama karamu ya watu wengine, anaenda zake kwa tanki. Kesho, hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Ukaanza kusema labda ni wewe hujui. Ukampigia mwalimu simu, sauti yako imekuwa ndogo. Na mimi niko hapo hapo naosha sufuria, nimenyamaza. Mimi, kunyamaza!

Ulinishika kwa sababu ya povu. Naisula alitoka nyuma ya jikoni na masharubu meupe kama mzee wa kanisa.

"Yeyo, hii ni nini?"

"Ni poda."

"Poda kwa mdomo?"

"Si unajua watoto."

Ukamfuta kwa kidole, ukaonja. Ukakaa chini kwa stuli, kikombe bado kiko mkononi, ukasema, "Yeyo, na mimi siku zote hizi nimekaa hapa nikidhani mtoto wangu hataki kitu kutoka kwangu."

Nilikujibu kwa ukali, kwa sababu ulikuwa umesema kweli. Nikakuuliza, unataka alale njaa ndiyo aitwe mwanafunzi? Ukasema hakuna aliyesema alale njaa. Nikasema therapi ni ya watu ambao hawana ng'ombe. Hiyo hata mimi nilishangaa ikitoka.

Lakini si maneno yako yalinigeuza, Resiato, usijipe hiyo sifa. Ni kiatu. Na hii hujaambiwa yote.

Ile siku ya soko ulikuwa umeenda Kajiado kufuata karatasi za mtoto, nami nilikuwa na fahali wa kuuza, kwa hivyo tukamwacha Naisula kwa Mama Lemayian. Nikirudi jioni nilisikia kilio kabla sijafika kwa lango. Maskini huyo mama alikuwa amejaribu yote: uji, ndizi, mgongo, nyimbo za Jumapili, simu yenye katuni. Amekaa chini, leso imeanguka, jasho linamtoka. Mimi nikaingia kama chifu. Nikamtazama mtoto mara moja, nikaona vile anakunja vidole vya mguu wa kushoto, nikamvua kiatu. Ulikuwa mwiba, umetoboa soli ukaingia. Nikautoa, na akanyamaza.

Nikageuka, kifua mbele. "Si unaona, Mama Lemayian? Mimi nimejua mara moja."

Naye akajipangusa uso, akaniambia bila ubaya wowote, "Umejua. Lakini amelia tangu mchana."

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani na sikusalimia mtu njiani. Wanawake wawili walinisalimia "Takwenya!" na sikuitika, wakadhani fahali wangu amekosa mnunuzi. Nilikuwa nawaza kwamba ile fahari yangu, kwamba ni mimi tu ninajua, maana yake ni hii: mimi nikiwa sokoni, mtoto yuko na mwiba kwa mguu na hana wa kumwambia. Hata mama yake. Nilimtilia kila kitu mkononi na sikumwachia njia ya kuitisha hata kimoja.

Uliporudi ukauliza mbona kiatu kiko nje. Nikasema kimechafuka. Kesho yake saa kumi ukanikuta nimeketi chini na kikombe kidogo, ukatabasamu ukidhani umenishinda. Sasa unajua nani alinishinda.

Na kungoja, mwanangu! Nimezaa, nimezika, nimevuka ukame, lakini sijaona kazi kama kukaa mbele ya mtoto na jagi la maziwa bila kusema neno. Mwalimu Kerubo alikuwa ameniambia, "Koko, ngoja na uso wa furaha." Nikawa natabasamu mpaka mashavu yanauma, na Naisula ananitazama vile watu hutazama mbuzi mgonjwa. Mara nyingi mkono wangu ulikuwa umeshainua jagi kabla sijajua. Ukanipa ushauri niukalie huo mkono. Nikaukalia.

Halafu ikafika ile siku. Alikuwa amemaliza yake kidogo, akachukua kikombe kitupu akanigonga nacho kwa goti. Nikadhani ni bahati mbaya. Akanigonga tena, akainua macho, akanitazama hapa, usoni kabisa. Mimi nikasahau mafunzo yote. Nikapiga vigelegele, vile vya harusi, vya kuita watu kutoka mbali. Mbwa wakabweka, kuku wakaruka, Naisula akaziba masikio akaingia chini ya meza. Ukaja mbio kutoka zizini na ndoo mkononi, ukidhani ni nyoka.

"Ameomba!" nikakwambia. "Resiato, ameomba maziwa!"

"Yuko wapi?"

"Chini ya meza."

"Na ulimpa?"

Nilikuwa sijampa.

Mwalimu alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Koko, furaha ya Naisula ni ya sauti ndogo." Tangu siku hiyo vigelegele napigia tumboni. Vinauma kidogo, lakini mtoto habanduki. Sasa kikombe ananiletea mwenyewe, na siku zingine anasema "ma," na wewe na mimi tunatazamana kama wezi walioiba kitu kizuri. Kama atasema neno zima mwaka huu ama mwaka ule, sijui. Zamani ningekwambia tarehe.

Nilienda pia kwa Mama Lemayian nikamwambia si masikio, ni usonji. Akasema alijua tangu zamani si masikio. "Lakini mafuta yalikuwa mazuri?" Nikamwambia viazi vilikubali kabisa. Tukacheka, na sasa yeye pia anajua kungoja na kikombe. Anajua kuliko mimi, lakini usimwambie nimesema.

Kuna kitu kingine kilinichukua muda, nacho ni lile somo la kusema hapana. Nilimwuliza mwalimu, mbona tunamfundisha mtoto kukataa watu wazima, si tunajitafutia taabu? Akaniuliza, "Koko, wewe ukikataa bei, huwa unasema?" Halafu akaja huyu mdogo wangu, mjomba wako, yule anayejifanya mzee. Unajua anavyopenda kuletewa kichwa akiguse, ndiyo asikie amesalimiwa Kimaasai. Na Naisula kichwa hapendi kiguswe, hata kitana ni vita. Zamani nilikuwa namshika shingo, namwinamisha, analia, na tunasema salamu imepita. Mara hii nilimwacha. Mjomba akanyoosha mkono, na Naisula akausukuma polepole kando, kama alivyofundishwa.

"Huyu mtoto hana adabu," akasema.

"Ako na adabu sana," nikamwambia. "Amekwambia hapana bila kukuuma. Wewe ukiwa kama yeye ulikuwa unauma. Niko na alama."

Nikakunja mkono wa blauzi nikamwonyesha. Akatazama, akacheka mpaka akakohoa, akampungia Naisula kutoka mbali. Naye akamtikisia vidole. Kwangu hiyo ni salamu kamili, na mtu akitaka kubishana aje Bisil.

Huko Kitengela watu ni wengi, na watakutazama. Atalala chini dukani kwa sababu ya kelele ya jenereta, na mtu atasema mtoto amedekezwa. Mimi nilikuwa najibu kila mmoja. Nilijibu watu mpaka sauti ikakauka, na mtoto bado yuko chini, anasikia koko yake akipiga kelele kushinda jenereta. Siku hizi nainama kwake kwanza. Watu wakitaka jibu, watangoja, na wengi huwa hawangoji.

Na kuna siku kitu hakitaenda. Unakumbuka ile wiki aliacha kuomba kabisa, ukalia kwa ile pembe ya stoo ukidhani sikuoni, ukisema imeisha. Kumbe ni mafua. Pua ilipofunguka, kikombe kikarudi. Mimi ningekuwa nimeshatangaza msiba. Wewe ulilia, ukanawa, ukaketi tena chini saa kumi. Hiyo sikukufundisha mimi. Sijui uliitoa wapi, na inaniuma kusema hivyo, lakini ni kweli.

Kitu kimoja usifuate kwangu. Usitake kuwa wewe tu unayejua. Baba yake atakosea. Mtu aliyezoea kuendesha lori hawezi kungoja. Atamjazia mtoto kikombe kizima, atasahau, atapiga kelele akifurahi kama mimi. Mwonyeshe, lakini kikombe usimnyang'anye. Nilikunyang'anya wewe mwaka mzima nikiita hiyo mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, usifikiri vingine. Yalikuwa tu yamejaa sana, hayakuacha nafasi ya mtu mwingine kuketi.

Sasa nirudi kwa neno lako la jana.

Wiki iliyopita kituoni nilikaa pembeni, nimenyamaza vizuri, unaweza kuwa shahidi. Mwalimu alikuwa na ile chupa ya mapovu ya sabuni ambayo Naisula anapenda kufa. Akapuliza, akafunga, akangoja. Naisula akamtazama kidogo, halafu akageuka, akaja mpaka kwangu, akanishika kifundo cha mkono. Mwalimu akangoja tena. Mtoto akarudi kwangu tena. Kwa nini abishe mlango mgumu wakati mlango wazi umeketi hapo na shanga zake? Niliona wewe na mwalimu mkitazamana. Nikajifanya natafuta miwani.

Kwa hivyo una haki. Nimekaa hapa nikitafuta mahali umekosea na sijapata, na unajua nikitafuta kosa huwa silikosi. Lazima kwanza ajue kuitisha kwako, kwa baba yake, kwa mwalimu, kwa mtu wa dukani, hata kwa mtu ambaye hampendi. Nikiwa hapo hatajua. Enda naye, nakerai, mtoto wangu. Mungu wetu Enkai awatangulie, na mimi nimewabariki wote wawili kwa mate na kwa maziwa, kama inavyotakiwa, mkiwa mmelala, kwa sababu mmoja wenu hapendi kuguswa na mwingine angenicheka.

Lakini jana kulikuwa na kitu nilitaka kukwambia baada ya ile habari ya vumbi, na sikujua kinaanzia wapi. Mimi sijawahi kuomba mtu kitu. Baba yako alipokufa ndugu zake walikuja kuniuliza nataka nisaidiwe nini. Nikawaambia niko sawa, nikawapa chai. Nikachunga, nikauza, nikakusomesha mpaka kidato cha nne, na nikaringa, na bado naringa. Niliamini mtu akiomba amepungua. Halafu miezi hii nimekaa chini nikimshangilia mtoto wa miaka minne kwa kufanya kitu ambacho mimi, na kichwa hiki cha mvi, sijawahi kujaribu. Wacha nijaribu.

Resiato, naomba nije kuwaona.

Sisemi wiki hii. Naomba nije siku ile utaona anaweza kumwomba mtu mwingine hata mimi nikiwa nimeketi hapo. Nitaketi mahali utaniambia niketi. Nikianza kuinua mkono, nikanyage mguu, nimezoea. Maziwa nitaleta, siwezi kukudanganya, lakini nitakukabidhi wewe mlangoni na sitauliza uliyapeleka wapi. Ukisema bado, ni bado, na sitanuna zaidi ya siku moja. Usiniambie ndiyo kwa sababu umenihurumia. Niambie ndiyo ikiwa ni ndiyo.

Haya, nimeomba. Sikudhani ingekula karatasi nyingi hivi.

Ni mimi, yeyo wako.